Alama Juu ya DNA: Utangulizi wa Umetilishaji na Utambuzi wa Magonjwa Nadra ya Kurithi

Huenda wewe ni mwanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Embu, au pale Nchiru katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Huenda ni tabibu huko Maua, Nkubu au Runyenjes, na mezani pako kuna faili nene ya mtoto aliyepimwa kila kinachopimika na bado ugonjwa wake hauna jina. Huenda ni mzazi wa mtoto huyo. Nimeuandika utangulizi huu nikiwafikiria nyote watatu. Hauhitaji uwe mjuzi wa jenetiki; biolojia ya shule ya upili inatosha, na ile iliyokutoka tutakumbushana humu humu.

Nataka kukuonyesha kwamba juu ya DNA hukaa alama ndogo za kikemikali, kwamba alama hizo zikivurugika kwa mpangilio fulani mpangilio wenyewe hutaja ugonjwa, na kwamba njia hii ya utambuzi inamfaa mtoto wa Meru au Embu pengine kuliko inavyomfaa mtoto wa Ulaya.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mtu akisikia ugonjwa ni nadra huwa anadhani hautafika kwake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu. Sasa chukua ugonjwa mmoja tu, ule wa Prader-Willi, ambao hutokea kwa mtoto mmoja kati ya kila watoto 10,000 hadi 30,000 wanaozaliwa. Tukikaa katikati, kwenye 20,000, kaunti hizi mbili zingekuwa na watu wapatao mia moja waliozaliwa nao. Hiyo ni hesabu ya karatasi, na si wote huishi hadi utu uzima. Lakini magonjwa nadra yako kwa maelfu, na ukiyajumlisha yote hayawi nadra tena. Watoto hawa wako shuleni, wako nyumbani, na wako kwenye foleni za kliniki wakiwa wameandikiwa mtindio wa ubongo, kifafa, au kuchelewa kukua basi.

Kwa hiyo tuweke misingi kwanza, bila haraka.

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA, uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne: A, C, G na T, vifupisho vya adenini, sitosini, guanini na timini. Seti moja ya herufi hizi ni takribani bilioni 3, nazo zimegawanywa katika kromosomu, yaani mafungu ya uzi huo. Una kromosomu 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Ndani yake mna jeni, vipande vinavyobeba maagizo ya kutengeneza protini, na jeni za namna hiyo ni kama 20,000.

Hapa pana swali ambalo mwanafunzi makini huliuliza mapema. Ikiwa seli ya ini na seli ya neva zina DNA ile ile, mbona zinafanya kazi tofauti kabisa? Jibu ni kwamba si jeni zote hufanya kazi kila mahali. Katika ini baadhi ya jeni zimefunguliwa na nyingine zimenyamazishwa. Katika neva mpango ni mwingine. Moja ya njia ambazo mwili hutumia kunyamazisha jeni ni umetilishaji, yaani kupachika metili kwenye DNA. Metili ni kikundi kidogo sana cha atomu: kaboni moja na haidrojeni tatu. Kwa binadamu hupachikwa hasa kwenye herufi C inayofuatwa mara moja na G. Mahali pa namna hiyo ni kama milioni 28 katika DNA yote, na pengi pamepachikwa. Metili zikijazana mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza.

Angalia kwamba herufi haikubadilika. C imebaki C, ila imebebeshwa kitu. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha kusoma mfuatano wa herufi kinaweza kupita juu ya tatizo la umetilishaji bila kuliona. Somo zima la udhibiti wa jeni usiogusa herufi huitwa epijenetiki, jina lililoanzishwa na Conrad Waddington wa Uingereza mwaka 1942. Mwaka 1975 Robin Holliday na John Pugh nchini Uingereza, na Arthur Riggs nchini Marekani, kila upande kivyake, walipendekeza kwamba seli inapogawanyika huwarithisha seli-watoto mpango wa metili zake. Walikuwa sahihi. Kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali, kiitwacho DNMT1, ambacho hufuata uzi mpya wa DNA na kunakili alama zilizokuwa kwenye uzi wa zamani.

Fikiria mradi wa maji wa kijiji kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Bomba limepita kila boma, na kila boma lina valvu. Bomba linaweza kuwa zima kabisa, bila ufa hata mmoja, na shamba likakauka kwa sababu valvu imefungwa. Kusoma herufi za DNA ni kukagua bomba. Kusoma metili ni kukagua valvu. Nitaurudia mradi huu baadaye, kwa hiyo uweke akilini.

Kabla hatujaendelea, niondoe mkanganyiko mmoja. Wengi wakisikia alama hizi hurithiwa kutoka seli hadi seli hufikiri pia hurithiwa moja kwa moja kutoka mzazi hadi mtoto. Hapana. Nyingi hufutwa na kuandikwa upya wakati mayai na mbegu za kiume zinapotengenezwa, na tena katika siku za mwanzo kabisa za mimba. Lakini kuna sehemu chache zinazokwepa ule ufutaji wa pili, na hizo ndizo mlango bora wa kuingilia somo letu.

Katika sehemu hizo jeni hubeba chapa ya mzazi: mwili hukumbuka nakala ipi ilitoka kwa mama na ipi kwa baba, na hutumia moja tu. Mfano mkubwa uko kwenye kromosomu ya 15. Kuna eneo pale ambalo nakala ya mama imetiwa metili na ya baba haina, kwa hiyo jeni kadhaa hufanya kazi kutoka upande wa baba peke yake. Jirani yake kuna jeni iitwayo UBE3A ambayo, ndani ya neva za ubongo, hufanya kazi kutoka upande wa mama peke yake.

Sasa mchango wa baba katika eneo hilo ukikosekana, mtoto hupata ugonjwa wa Prader-Willi, ulioelezwa na madaktari wa Uswisi mwaka 1956. Huzaliwa mlegevu kama kitambaa, hawezi kunyonya vizuri, na mama huambiwa mtoto alichoka wakati wa kuzaliwa. Miaka michache baadaye mambo hugeuka: mtoto hana kushiba, hutafuta chakula usiku na mchana, na asipodhibitiwa hunenepa hadi kuhatarisha maisha. Ukikosekana mchango wa mama, ugonjwa ni mwingine kabisa, ule wa Angelman, ulioelezwa na Harry Angelman nchini Uingereza mwaka 1965. Mtoto huyu hachelewi kucheka. Hucheka mno, hutembea kwa kuyumba, hupata degedege, na maneno yake huwa machache sana au hayapo. Mara nyingi huandikiwa mtindio wa ubongo. Ni eneo moja la kromosomu, lakini magonjwa ni mawili, na kinachoyatenganisha ni alama za mzazi.

Unawezaje kuona alama ambayo haibadilishi herufi? Kemikali iitwayo bisalfaiti hufanya kazi hiyo, na ningependa uione kwa karibu. Ukiichanganya na DNA, kila C isiyo na metili hubadilika na husomeka kama T. C yenye metili hubaki C. Chukua kipande hiki: ACGTCCGA. Kama hakina metili hata moja, baada ya bisalfaiti kitasomeka ATGTTTGA. Kama zile C zinazofuatwa na G zina metili, kitasomeka ACGTTCGA. Linganisha herufi moja moja kwa kidole. Siri iliyokuwa juu ya herufi sasa imekuwa herufi yenyewe, na chombo cha kawaida cha maabara ya DNA kinaweza kuisoma.

Chombo hicho kinaweza kuwa mashine ya PCR, inayonakili kipande kidogo cha DNA mara mamilioni. Unatumia vianzio, yaani vipande vifupi vinavyoiambia mashine ianzie wapi: jozi moja inayoshika DNA iliyokuwa na metili, na nyingine inayoshika isiyokuwa nayo. Matokeo hutandazwa kwenye jeli. Mtu asiye na ugonjwa huonyesha mistari miwili, wa mama na wa baba. Mtoto wa Prader-Willi huonyesha wa mama tu. Wa Angelman huonyesha wa baba tu. Kipimo hiki hunasa zaidi ya asilimia 99 ya wenye Prader-Willi na karibu asilimia 80 ya wenye Angelman; waliobaki wa Angelman wengi wana hitilafu kwenye herufi za UBE3A, na hao huhitaji kusomewa herufi.

Jambo moja hapa linatugusa sana sisi. Katika eneo hilo hilo la kromosomu ya 15 kuna jeni ya OCA2, inayohusika na rangi ya ngozi, nywele na macho. Hitilafu kwenye nakala zote mbili za OCA2 ndiyo chanzo kikuu cha ualbino katika sehemu yetu ya Afrika. Watoto wengi wa Prader-Willi na Angelman wamepata ugonjwa kwa sababu kipande cha kromosomu kimekatika, na mara nyingi OCA2 huondoka pamoja nacho. Mtoto hubaki na nakala moja, na baadhi yao huwa weupe kuliko ndugu zao wote. Unaweza kukisia maneno ambayo mama huyo husemwa kijijini. Kumbe weupe ule ni dalili ya kitabibu inayoelekeza daktari kwenye kromosomu ya 15, na baba ni yule yule.

Hapa niseme pia juu ya neno kurithi, kwa ajili ya wazazi. Ugonjwa wa kijenetiki si lazima uwe umetoka kwenye ukoo wa mtu. Mara nyingi katika Prader-Willi kipande hukatika upya, yai au mbegu inapotengenezwa, na uwezekano wa mtoto mwingine kuzaliwa hivyo hauzidi asilimia 1. Kuna familia chache ambazo hitilafu iko kwenye kituo kinachoendesha chapa yenyewe, na huko uwezekano unaweza kufika asilimia 50. Huwezi kujua uko upande gani bila kipimo. Na jina la ugonjwa hubadilisha matibabu: kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika sana, inaweza kuzidisha degedege kwa baadhi ya watoto wa Angelman, na mtoto wa Prader-Willi akijulikana mapema, familia huanza kudhibiti chakula kabla unene haujaanza.

Mpaka hapo tumetazama sehemu moja ya DNA. Sasa tupande ngazi.

Rudi kwenye mradi wa maji. Kuna fundi anayezunguka kufungua na kufunga valvu za vijiji vingi. Akishindwa kazi, shida haitatokea kwenye boma moja. Mashamba ya upande huu yatafurika, ya upande ule yatakauka, na mtu anayeujua mradi akiutazama kwa juu ataweza kusema ni fundi yupi, hata kama hajamwona. Mwilini mwetu mafundi hao ni protini zinazosimamia jinsi DNA inavyofungwa na kufunguliwa. Jeni ya fundi mmoja ikiharibika, umetilishaji huvurugika katika mamia au maelfu ya sehemu, na kwa mpangilio unaojirudia kwa wagonjwa wa ugonjwa huo. Mpangilio huo huitwa saini ya umetilishaji, na habari njema ni kwamba huonekana kwenye damu, hata pale ugonjwa wenyewe unapougusa zaidi ubongo.

Mfano wa mwanzo ulio wazi ni ugonjwa wa Sotos, unaowafanya watoto wakue haraka na kuwa na kichwa kikubwa huku wakichelewa kujifunza. Hutokana na hitilafu kwenye jeni ya NSD1. Mwaka 2015 kundi la Rosanna Weksberg la hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, lilionyesha saini ya Sotos yenye sehemu zaidi ya 7,000. Baadaye zikaja saini za magonjwa mengine, na mwaka 2020 kundi la Bekim Sadikovic, pia Kanada, lilichunguza magonjwa 42 ya ukuaji wa ubongo na kupata saini thabiti 34. Idadi imeendelea kukua tangu hapo.

Kwa kazi hii PCR haitoshi. Hutumika chipu, kigae kidogo chenye vinasio vya kusoma umetilishaji katika sehemu zaidi ya 850,000 kwa mkupuo mmoja. Kisha kompyuta hulinganisha damu ya mtoto na damu ya watu wasio na ugonjwa wa umri na jinsia inayofanana naye, pamoja na ya wagonjwa waliokwisha kuthibitishwa. Umri na jinsia si jambo la kupuuza: metili hubadilika na umri kwa utaratibu mkubwa kiasi kwamba mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath alionyesha unaweza kukadiria umri wa mtu kwa kuzisoma.

Kwa nini basi nasema njia hii inamfaa zaidi mtoto wa kwetu? Sababu ya kwanza ni utajiri wa DNA ya Waafrika. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walichapisha usomaji wa DNA ya watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika, wakakuta mabadiliko ya herufi zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Kwa daktari huo ni mtihani. Anasoma jeni ya NSD1 ya mtoto kutoka Tigania au Siakago, anakuta herufi moja tofauti, anafungua kumbukumbu za dunia na haimo. Je, ndiyo iliyomletea ugonjwa, au ni tofauti ya kawaida ya ukoo ambayo hakuna aliyewahi kuiandika? Maabara huandika kuwa maana ya badiliko hilo haijathibitishwa, na familia hurudi nyumbani na karatasi isiyosema ndiyo wala la. Saini ya umetilishaji huvunja mkwamo huo kwa sababu huuliza kama fundi anafanya kazi au hafanyi. Ikiwa saini ya Sotos ipo, badiliko lile lina hatia. Ikiwa haipo, tafuta chanzo kingine.

Sababu ya pili ni sura. Kwa miaka mingi magonjwa haya yalitambuliwa kwa macho: umbo la nyusi, pua, masikio. Ugonjwa wa Kabuki ulielezwa Japani mwaka 1981, ukapewa jina kwa kufananisha macho ya watoto na vipodozi vya waigizaji wa tamthilia za Kabuki. Vitabu vya mafunzo vilijaa picha za watoto wa Kizungu, hata mwaka 2016 ikabidi Wamarekani wa taasisi ya utafiti wa jenomu waanzishe mkusanyiko wa picha za watoto wa mataifa mbalimbali, Waafrika wakiwemo. Daktari aliyejifunza kwa picha za Ulaya anaweza kumtazama mtoto wa Kimeru mwenye Kabuki na asimtambue. Metili haziangalii sura.

Lakini sitakudanganya kwamba chipu ya Kanada inaweza kuletwa Embu na kuwashwa kesho yake. Saini nyingi zilijengwa kwa damu ya watu wasio Waafrika, na umetilishaji huguswa na mazingira na asili ya mtu. Nchini Gambia watafiti wamekuta kwamba watoto waliotungwa mimba msimu wa mvua walikuwa na metili nyingi zaidi katika sehemu fulani za DNA kuliko waliotungwa msimu wa kiangazi, na lishe ya mama ilihusika. Nasi tuna mvua ndefu na mvua fupi, tuna miezi ya njaa kwa wakulima wa nyanda za chini za Mbeere na Tharaka. Saini zenyewe ni kubwa kuliko tofauti za namna hiyo, kwa hiyo sitarajii zitapotea. Ila bila damu ya kulinganishia ya watu wa hapa, hatutajua kwa uhakika ni wapi zinayumba. Kumbuka pia kwamba magonjwa mengi ya kijenetiki hayaachi saini yoyote, na kutoonekana kwa saini hakumwondolei mtoto ugonjwa.

Kazi ya kukusanya damu hiyo ya kulinganishia inaweza kuanza kwa vitu tulivyo navyo. Damu mililita 2 au 3 katika ile chupa ya kifuniko cha zambarau, inayotumika kila siku kwa hesabu kamili ya damu, inatosha. DNA na metili zake huvumilia safari ya siku kadhaa, kwa hiyo Isiolo hadi Nairobi si kikwazo. Kule Kilifi, mradi wa NeuroDev unaoendeshwa na KEMRI-Wellcome Trust pamoja na Chuo Kikuu cha Cape Town na Taasisi ya Broad ya Marekani umeonyesha kwamba familia za Kenya zenye watoto waliochelewa kukua hushiriki utafiti wa jenetiki zikielezwa vizuri na kuheshimiwa. Ridhaa iombwe kwa lugha ya nyumbani, Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na mzazi aambiwe wazi kama damu itavuka mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda katika hilo.

Maoni yangu ni kwamba tusianzie kwenye chipu. Tuanzie kwenye kromosomu ya 15: bisalfaiti, PCR, jeli, mistari miwili. Ni kipimo ambacho maabara ya chuo kikuu inaweza kukijenga, kukihakiki na kukifundisha, na mikono itakayozoea kipimo hicho ndiyo itakayosoma chipu kesho.

Kwa hiyo wewe uliye wodini, ukipokea mtoto mchanga mlegevu asiyeweza kunyonya, au mtoto anayecheka bila kusema na mwenye degedege, andika kwenye rufaa: kipimo cha umetilishaji, kromosomu ya 15. Na wewe mwanafunzi, chukua kalamu, andika mfuatano wowote wa herufi ishirini, uupitishe kwenye bisalfaiti mara mbili, wenye metili na usio nazo. Ukiweza kufanya hivyo bila kukosea, umeshaingia katika fani hii, na inakuhitaji.